Je, wajua? Kijiti cha kahawia juu ya kuvumwani si ua, ni mtoto

Panda ngazi za Kadutu, mtaa wa Bukavu, asubuhi, mvua ya Novemba ikiwa imekatika, kisha inama usogeze macho karibu na ukuta wa mawe ulioko pembeni. Utaona zulia la kijani, laini, ambalo shuleni tumezoea kuliita kwa Kifaransa mousse na ambalo kwa Kiswahili huitwa kuvumwani. Katikati ya zulia hilo vimechomoza vijiti vyembamba vya kahawia au vyekundu, kila kimoja kimebeba kibuyu kidogo kichwani. Watu wengi wa Bukavu wakiulizwa ni nini, hujibu kuwa ni maua.

Kuvumwani haina ua, haina mbegu, haina tunda. Kijiti kile ni mmea wa pili kabisa, mtoto wa ule wa kijani, na ni mtoto asiyeachishwa ziwa. Mguu wake umezama ndani ya mwili wa mama, na humo ndimo anamopata maji na sehemu kubwa ya chakula chake mpaka siku anapokauka. Hatembei peke yake hata siku moja.

Ili kuelewa jambo hili lilivyo la ajabu, tujitazame wenyewe kwanza. Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina seti mbili za kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, moja ya baba na moja ya mama. Ni yai na mbegu ya kiume tu zilizo na seti moja. Kuvumwani imegeuza mambo. Mmea wa kijani wote, kuanzia ncha ya jani hadi chini, una seti moja tu. Ni kijiti cha kahawia kilicho na seti mbili. Mama ana nusu ya urithi alio nao mtoto wake! Wataalamu humwita mmea wa kijani gametofiti, na kijiti humwita sporofiti. Aliyeonyesha kwa uwazi kwamba vizazi hivi viwili hupokezana, tena si kwa kuvumwani tu bali hata kwa majani ya jamii ya ferni, ni Wilhelm Hofmeister wa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1851. Hakuwa profesa wakati huo. Alifanya kazi katika biashara ya baba yake ya vitabu na muziki, na mimea aliichunguza kwa darubini katika saa zake za faragha.

Sasa tumtazame mama huyo. Hana mizizi. Vile vinyweleo vya chini huitwa rizoidi, na kazi yake kubwa ni kushika jiwe, si kunyonya. Maji huingia kupitia uso wote wa mmea, kwa sababu jani la kuvumwani kwa kawaida lina unene wa seli moja tu, isipokuwa kwenye mshipa wa katikati. Jani jembamba hivyo hunywa upesi, lakini pia hukauka upesi, na hapa ndipo kuvumwani inapotofautiana na maharage ya shambani. Mmea wa haragwe ukikauka, umekufa. Aina nyingi za kuvumwani zikikauka zinasimama tu: majani yanajikunja, rangi inafifia, kazi yote ndani ya seli inakoma. Mwezi wa saba, kiangazi kikiwa kimekaza, mwagia kijiko cha maji kitonge kilichosokotana ukutani. Ndani ya dakika chache majani yatakunjuka mbele ya macho yako.

Kutokuwa na mizizi kunaeleza pia ufupi wake. Mti hupandisha maji juu kwa mirija iliyokazwa kwa lignini, ile dutu inayoufanya ubao kuwa ubao. Kuvumwani haina lignini hiyo. Baadhi yake zina kamba ya seli za kupitishia maji katikati ya shina, na ndizo zinazorefuka kuliko wenzake. Dawsonia superba ya Australia na New Zealand hufikia nusu mita. Zilizo nyingi hazifiki kimo cha kidole. Sababu nyingine ya ufupi, na kwa maoni yetu ndiyo iliyo nzito zaidi, ni ndoa.

Mbegu ya kiume ya kuvumwani huogelea. Ina mikia miwili na inahitaji maji kutoka mahali ilipozaliwa hadi lilipo yai. Kwenye ncha za mashina ya kike kuna vichupa vidogo vyenye shingo ndefu, yai likiwa limekaa chini kabisa. Kichupa kikikomaa na kulowa, seli zilizoziba shingo huyeyuka na kuwa ute, njia inafunguka, na kemikali zinazotoka humo huwaita waogeleaji. Utando wa maji unaofunika zulia baada ya mvua unatosha, ila safari yenyewe kwa kawaida haizidi sentimita chache. Aina nyingine, kama Polytrichum, zina kikombe cha majani kwenye ncha ya shina la kiume. Tone la mvua likitua humo, linaruka na kurusha mbegu mbali zaidi. Hata wadudu husaidia. Katika jaribio lililochapishwa na watafiti wa Sweden mwaka 2006, mashina ya kiume na ya kike ya Bryum argenteum, ile kuvumwani ya rangi ya fedha inayoota katikati ya mawe ya njia, yalitenganishwa kwa sentimita 2 na 4. Bila wadudu hayakuzaa. Walipoongezwa utitiri na wadudu wadogo warukao wa udongoni, vijiti vilitokea.

Hii ndiyo sababu kuna kuta zenye zulia zuri miaka nenda miaka rudi bila kijiti hata kimoja. Zaidi ya nusu ya aina za kuvumwani zina mmea wa kiume mbali na wa kike, na zulia zima linaweza kuwa la jinsia moja, mwenza akiwa ng'ambo ya barabara. Ng'ambo ya barabara, kwa mbegu inayoogelea, ni kama ng'ambo ya ziwa.

Yai likisharutubishwa, mtoto huanza kukua ndani ya kile kichupa. Kichupa hutanuka naye, kisha hukatika, na kipande cha juu humpanda mtoto kichwani kama kofia. Kofia hiyo ni mwili wa mama, na si pambo: ikivuliwa mapema, kibuyu hakiundiki sawasawa. Kofia ikianguka kwa wakati wake unaonekana mfuniko mdogo, na chini ya mfuniko mna duara la meno, mara nyingi 16, au safu mbili za 16. Kwa aina nyingi meno hufunga hewa ikiwa na unyevu na hufunguka ikikauka, ili spora, chembe za uzazi zilizomo kibuyuni, zitoke siku ambayo upepo unaweza kuzibeba. Spora moja ina upana wa milimita 0.01 hadi 0.02 hivi, vumbi tupu.

Ukitaka kuona kijiti chenyewe kikiitikia unyevu, tafuta mahali palipochomewa makaa msimu uliopita. Funaria hygrometrica hupenda sana pale: moto umeondoa washindani na majivu yameacha chumvi za kulisha. Vijiti vyake vimepinda shingo kama bata anayekunywa maji. Chuma kijiti kimoja kilichokauka, kipumulie pumzi yenye unyevu, nacho kitajizungusha.

Spora ikitua penye unyevu haitoi mmea wenye majani moja kwa moja. Hutoa nyuzi za kijani zinazotawanyika, protonema, ambazo mtu angedhani ni ule utelezi wa kijani wa kwenye pipa la maji. Kutoka kwenye nyuzi hizo huchipuka macho mengi, na kila jicho ni shina. Spora moja basi huzaa mashina mengi yaliyobanana, na kubanana huko ndiko kunakoshika maji kama sponji. Shina moja peke yake lingekauka ndani ya saa moja, zulia hudumu.

Jirani yake ukutani ni hepatiki, mmea mwingine mdogo usio na maua. Jina limetoka kwenye neno la Kigiriki la ini, kwa kuwa zile za bapa zina ndewe zinazofanana na ini. Duniani kuna aina kama 12,000 za kuvumwani na kama 7,000 za hepatiki, na nyingi katika hizo za pili si bapa, zina majani. Jinsi ya kuzitenganisha na kuvumwani: jani la hepatiki halina mshipa wa katikati, mara nyingi limepasuka ncha, na majani yamejipanga safu mbili za kulala, pengine na safu ya tatu ndogo tumboni. Kwenye magome ya miti ya mlima Kahuzi utaziona za rangi nyekundu-kahawia, Frullania, zimejibana kwenye gome. Zigeuze chini, utumie lenzi inayokuza mara 10 kama ya fundi saa: kila jani limeshikilia kifuko kidogo cha umbo la kofia ya askari, cha kuwekea maji.

Hepatiki ya bapa inayojulikana zaidi ni Marchantia, nayo hukaa penye maji yanayotiririka: chini ya bomba linalovuja, kando ya mifereji ya njia, kwenye sufuria za maua. Mgongo wake una vyumba vya hewa, kila kimoja kikiwa na tundu ambalo halina mlango wa kufunga, tofauti na stomata, vile vitundu vya hewa vya majani ya mimea mingine. Ndiyo sababu jua la mchana huidhuru haraka. Juu yake kuna vikombe vyenye vidonge bapa vya kijani. Hivyo ni vichipukizi. Tone la mvua huvirusha makumi ya sentimita, na kila kimoja huwa mmea mpya ulio pacha wa mama. Kichipukizi hakina mgongo wala tumbo kikiwa kikombeni. Kinaamua kikishaanguka, kwa kufuata mwanga na mvutano wa dunia.

Hapa wengi huchanganya. Marchantia nayo husimamisha miavuli midogo, ya kike ikiwa na vidole, ya kiume ikiwa kama kisahani. Mwavuli huo si mtoto. Ni mwili wa mama mwenyewe (au wa baba). Mtoto ni kitone cha njano kinachoning'inia chini ya vidole. Kwa hepatiki nyingine kibuyu hukomaa kikiwa bado kimefichwa, kisha kijiti cheupe hurefuka upesi kwa seli kuvutika, kibuyu hupasuka vipande vinne, na kijiti hunywea baada ya siku chache. Meno hakuna. Badala yake kuna nyuzi za umbo la springi zilizochanganyika na spora. Zikikauka hujinyonga na kuzitikisa.

Tunasikia tukifundishwa kwamba kuvumwani huota upande wa kaskazini. Hilo ni la Ulaya. Bukavu iko kama digrii 2.5 kusini mwa ikweta. Kati ya Juni na Agosti jua la adhuhuri linaegemea kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini ndio unaobaki kivulini wakati wa ukame. Anza kutafuta huko. Wala usiilaumu kuvumwani kwa ukuta kubomoka: rizoidi hazina nguvu ya mzizi wa mti. Huweka unyevu, ni kweli, lakini kuikwangua bila kuziba mfereji wa paa unaovuja ni kazi ya kurudia kila Septemba. Na kwa Goma ni baraka, kwani juu ya lava iliyofika mjini tarehe 17 Januari 2002, likeni za kijivu (kuvu na mwani wanaoishi pamoja) na kuvumwani ni miongoni mwa wa kwanza kuota, na vumbi linalonasa humo ndilo linaloanza kuwa udongo.

Anayetaka kuotesha Marchantia nyumbani au darasani anahitaji kipande cha tofali la kuchoma, sahani, na chupa ya plastiki isiyo na rangi iliyokatwa nusu. Lowesha tofali usiku kucha, liweke kwenye sahani yenye maji ya mvua ya sentimita 1, sehemu kubwa ya tofali ikiwa nje ya maji. Gusa ndani ya kikombe kwa njiti ya kiberiti iliyolowa, vichipukizi vitanasa, kisha viweke juu ya tofali vikiwa vimeachana sentimita 2. Funika kwa chupa, weka penye mwanga usio wa jua kali. Siku chache baadaye vitakuwa vimeshika. Baada ya wiki 3 hadi 4 vikombe vipya huanza kuonekana. Vikigeuka vyeupe, jua limevichoma. Vikiwa vyeusi na vyenye utelezi, maji yamevifunika. Ukungu mweupe ukitokea, funua chupa nusu saa kila siku. Mbolea usitie: mmea usio na mizizi hunywa kila kitu kwa ngozi, na chumvi nyingi huuunguza.