Fimbo ya Bei Nafuu ya Kuvulia Ufukweni: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Nikipanda matatu na fimbo yangu mkononi, swali huwa lile lile: "Hiyo inabeba samaki wa kilo ngapi?" Mara nyingi anayeuliza ni kijana anayeweka akiba senti zake ili anunue ya kwake, na ndiyo maana sipendi kumjibu juu juu. Kuhusu fimbo hizi za rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, yaani uzi wa kuvulia), za kurusha chambo bandia na kukivuta, kuna maneno mengi hapa Mombasa, na baadhi yake yamewatia watu hasara. Nianze na hilo la kilo.

"Namba iliyoandikwa kwenye fimbo ni uzito wa samaki"

Sivyo. Tazama juu kidogo ya mahali rili inapofungwa. Utaona maandishi madogo, tuseme "2.70 m, 15–40 g". Ya kwanza ni urefu. Ya pili ni uzito wa kitu unachokirusha, iwe chambo bandia au risasi ya kuzamishia pamoja na chambo chake. Fimbo ya namna hiyo hurusha kitu cha gramu 15 hadi 40, na hupendeza zaidi ukiwa kati ya 25 na 35. Ukiifunga kitu cha gramu 8, fimbo haipindi, na isipopinda haina cha kusukumia. Chambo kinaanguka mbele ya miguu yako. Ukiifunga risasi ya gramu 100 ukarusha kwa nguvu zote, inakatika.

Yangu ya kwanza ilikatika hivyo. Duka nililonunulia waliniambia inavuta hata papa, nami sikusoma kitu. Iliandikwa 10–30 g. Nikafunga risasi ya gramu 90 na kipande cha ngisi, na kwenye mrusho wa tatu nikasikia mlio kama wa ukuni mkavu. Kipande cha juu kikateleza na mshipi hadi majini. Nilikuwa nimeweka akiba miezi mitatu. Fimbo yenyewe haikuwa mbovu. Ilibebeshwa mara tatu ya kipimo chake.

Nyingine huandikwa "oz", yaani wakia, na wakia 1 ni kama gramu 28. Ukiona "lb", hiyo ni ratili, karibu gramu 454, na inaeleza nguvu ya mshipi unaoifaa fimbo hiyo. Hapo pia samaki hakutajwa.

Samaki mkubwa hachukuliwi kwa kubebwa, anachoshwa. Kazi hiyo inafanywa na breki ya rili: ifunge iachie mshipi kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi wako. Kama mshipi unakatika kwa kilo 9, breki ianze kuachia kwenye kilo 2 au 3. Pima kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, usikisie kwa kidole. Kwa mpango huo fimbo ya kawaida kabisa inamchosha kolekole ambaye usingethubutu kumning'iniza nayo.

Na kumning'iniza ndiko kunakovunja nyingi, hasa pale kwenye majabali ya Mama Ngina, kando ya bahari hapa Mombasa. Samaki kashachoka, yuko chini, mvuvi anaisimamisha fimbo wima na kuanza kumpandisha. Uzito wote unahamia kwenye ile ncha nyembamba kama kijiti cha mshikaki. Tembea naye hadi palipo chini, ngoja wimbi limpandishe, au mwenzako ashushe wavu wenye kamba. Ukilazimika kuushika mshipi, vaa glavu, kwa kuwa ule wa kusuka, wa nyuzi nyembamba nyingi zilizosukwa pamoja, hukata kidole kama wembe.

"Kadiri ilivyo ndefu ndivyo inavyorusha mbali"

Hii ina ukweli nusu. Urefu unasaidia mpaka pale mikono yako inapoweza kuuzungusha upesi. Kwa watu wengi pale ni mita 2.7 hadi 3, ambayo ni futi 9 hadi 10. Ile ya mita 4 na zaidi ni ya risasi nzito: unarusha, unaisimika kwenye mchanga, unangoja. Ukiwa unarusha na kuvuta asubuhi nzima, itakuchosha bega kabla jua halijapanda. Faida kubwa ya urefu ni kuuweka mshipi juu ya povu na juu ya kingo za mwamba usije ukasagika.

Umbali wenyewe unatoka zaidi kwenye mshipi. Wa kusuka wa milimita 0.20 una nguvu ambayo nailoni huifikia kwa unene kama mara mbili, na ulio mwembamba hukata upepo. Bobini ya rili, pale mshipi unapozungushiwa, nayo ijae hadi ibaki milimita 1 au 2 kufika ukingoni. Ikiwa nusu tupu, mshipi unakwaruza ukingo kila unapotoka na unapoteza mita kadhaa bure.

Kisha jiulize umbali huo ni wa nini. Wakati wa bamvua, maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mahali ulipotembea kwa miguu asubuhi, alasiri pana kina. Maji yakijaa, vidagaa husogea kando ya mwamba na kolekole na mzia huwafuata huko huko. Nimewaona wavuvi wakirusha mbali sana huku samaki wakiruka hatua kumi kutoka waliposimama.

"Pete ni pete tu, zote sawa"

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo fimbo ya bei nafuu iliyo nzuri inapojitenga na ile mbaya, na kuangalia hakulipiwi.

Pete ni zile zinazopitisha mshipi. Kila moja ina kiunzi cha chuma na, kwa zilizo nzuri, duara la ndani la kauri lililo gumu na laini. Kauri ikiwa na ufa mdogo kuliko unywele, mshipi wa kusuka utachanika polepole, na siku samaki mzuri akivuta utakatika bila wewe kujua sababu. Beba pamba kidogo mfukoni. Ipitishe ndani ya kila pete huku ukiizungusha taratibu. Ikitoka safi, pete ni nzima. Ikiacha hata nyuzi mbili tatu, kuna ufa. Muuzaji mzuri hatakukataza. Ile ya nchani ipime mara mbili. Ndiyo inayogongwa zaidi na ndiyo inayobeba mshipi kwenye kona kali.

Baada ya hapo fumba jicho moja utazame toka mpinini hadi nchani kama anayelenga shabaha. Pete zote zikae kwenye mstari mmoja. Zihesabu pia: kwa mita 2.7 nataka 7 au zaidi, pamoja na ya nchani. Zikiwa 4 au 5, mshipi unajipiga kwenye fimbo na mkunjo hauenei sawasawa. Bonyeza kila mguu wa pete kwa ukucha uone kama unacheza chini ya gundi. Mwisho unganisha vipande na utikise. Ukisikia kugongana kwenye kiungo, irudishe rafuni.

"Kaboni ndiyo bora, faiba ni takataka"

Kaboni ni nyepesi na inarusha kwa kasi. Faiba, yaani nyuzi za kioo, ni nzito kidogo na inavumilia kugongwa. Fimbo ya kaboni ikianguka kwenye jabali inaweza kupata jeraha usiloliona, ikaja kukatika wiki kadhaa baadaye kwa samaki mdogo. Nyingi za bei nafuu ni mchanganyiko wa vyote viwili, na kwa anayeanza sioni ubaya. Zile "tani 30" au "tani 40" zinaeleza ugumu wa nyuzi za kaboni, si nguvu ya kuvuta. Jambo moja la kutilia maanani sana: kaboni hupitisha umeme. Usipite nayo chini ya nyaya ikiwa imesimama, na radi zikianza ilaze chini uondoke.

"Chumvi huila fimbo, kwa hiyo nunua tu itupwe"

Chumvi haili kaboni wala faiba. Inakula chuma: miguu ya pete na pingu ya kufungia rili. Maji baridi ya bomba na kitambaa, jioni ile ile, yanatosha. Rili usiizamishe kwenye ndoo, maana chumvi itaingia ndani pamoja na maji. Kaza breki, inyunyizie kidogo, ifute.

"Ya kuchomoa kama antena ni sawa na ya vipande viwili"

Inaingia kwenye begi, ni kweli. Lakini mchanga huingia kwenye viungo na pete zinazoteleza huzunguka katikati ya siku. Kama lazima usafiri kwa bodaboda, ichukue na uifute kila kiungo kabla ya kukifunga. Vinginevyo chukua ya vipande viwili.

"Ya ghali hushika samaki wengi"

Samaki haoni fimbo. Pesa zikiwa chache, nunua fimbo ya kawaida iliyopita mtihani wa pamba, kisha ile ziada itie kwenye rili. Breki inayoachia kwa kushtuka-shtuka hukata mshipi hata kwenye fimbo ya thamani, na rili ya ukubwa wa 4000 (namba hiyo huandikwa kwenye rili yenyewe) yenye breki laini itakufaa kwa hizo gramu 15 hadi 40.

"Wazee wetu walivua kwa mkono, fimbo ni mapambo"

Wazee wana haki. Kwenye ngalawa mshipi unashuka wima, na hakuna fimbo inayohisi changu akionja chambo kama kidole cha mvuvi mzoefu. Hata ufukweni, ukivua kwa risasi na kipande cha ngisi, mshipi uliozungushiwa chupa unakutosha, na nitakwambia uziweke pesa zako. Fimbo inahitajika unapotaka kukirusha chambo chepesi cha gramu 30 na kukivuta mbio kama kisamaki kinachokimbia, mara mia kwa asubuhi moja. Kijana wa kwenye matatu huwa namuuliza hilo kwanza: unataka kuvua kwa namna gani? Akinijibu, ndipo ninampa pamba.