Nukta tatu za GDB hazimaanishi stringi yako imekatika

Wiki hii tena nimeletewa bagi ileile, "stringi inakatika ikifika herufi ya 200, we ona mwenyewe", halafu naonyeshwa skrini ya GDB (ile debugger, zana ya kukagua programu na memori yake) yenye nukta tatu mwishoni. Jamani! GDB ndiyo imeacha kuonyesha, data yenyewe ipo nzima kwenye memori. Kuna setingi inaitwa print elements, difolti yake ni 200, ikifika hapo inaweka nukta tatu na ukiangalia vizuri utaona ziko nje ya alama za kunukuu, yaani si sehemu ya stringi kabisa. Nimeona mtu kamaliza siku mbili anapekua kodi ya netiweki anatafuta nani anamkatia ujumbe, na ujumbe ulikuwa unafika wote. Anza na urefu, basi! Kwa std::string (stringi ya C++) ya kompaila ya GCC kuanzia toleo la 5, kama stringi yako inaitwa s, andika p s._M_string_length (p ni print, chapisha), ikisema 1348 basi zote 1348 zipo, sasa piga set print elements 5000 uchapishe upya. Wengi wanashauri uweke 0 kusiwe na kikomo, mimi sipendi, maana ukisimama kwenye mstari ambao stringi bado haijaundwa ule urefu ni takataka tupu, unaweza kusoma mabilioni na GDB itahangaika kukuchapishia yote. Na ile <repeats 40 times> ni hivyohivyo, ufupisho wa kuonyesha tu herufi ileile inapojirudia, unabadilishwa kwa set print repeats.

Na haya ndiyo mengine ninayoambiwa. "Lazima niite c_str() nipate herufi za stringi." Hapana. Kuita fanksheni kunataka prosesi iliyo hai, ukifungua faili la core (nakala ya memori inayobaki programu ikianguka) utaiita wapi? p s inatosha.

"x/s, amri ya kusoma memori kama stringi, inaonyesha kila kitu." Inaishia kwenye baiti ya sifuri ya kwanza, na std::string inaruhusu sifuri katikati. Tumia x/64xb s._M_dataplus._M_p usome baiti zenyewe.

"Nimeona _M_dataplus, memori imeharibika." Ni zile skripti za Python za libstdc++ (maktaba ya C++ ya GCC), zinazofanya stringi ionekane kama maandishi badala ya sehemu zake za ndani, hazijapakiwa, hakikisha kwa info pretty-printer. Na ukikuta _M_p, pointa ya herufi zenyewe, inaelekeza kwenye steki (memori ya vigeu vya ndani ya fanksheni) usishtuke, stringi isiyozidi herufi 15 inakaa ndani ya objekti yenyewe, kwenye _M_local_buf, kwa hiyo kama objekti iko kwenye steki na herufi ziko hapohapo.