Hitilafu ya linka: kompaila imeridhika, programu haijengeki

Mafaili yote yamepita kwenye kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, bila neno. Hatua ya mwisho kabisa, ya linka inayounganisha mafaili hayo kuwa programu moja, ndipo unapotupiwa `undefined reference to 'kokotoa'`, na chini yake `ld returned 1 exit status`. Wengi hurudi kwenye msimbo kusaka kosa la sarufi. Hawalipati, maana halipo.

Kompaila ya C au C++ hushughulikia faili mojamoja. Ikikuta ndani ya `kuu.c` unaita funksheni `kokotoa`, hutosheka na tangazo lake: inaitwaje, inapokea nini, inarudisha nini. Mwili wake uko wapi, hilo haliihusu. Huandika ndani ya `kuu.o`, faili inalolitoa, kwamba jina hilo linahitajika, ikaacha pengo la anwani. Linka huja baadaye, ikayakusanya mafaili ya `.o` na kuziba mapengo. Haisomi msimbo wako hata kidogo. Inalinganisha majina tu. Ndiyo maana malalamiko yake mengi ni ya namna mbili: jina linatakiwa na hakuna aliye nalo, au jina moja limekuwa na wenyewe wawili.

Basi usibahatishe, yaulize mafaili yenyewe. Amri `nm kuu.o` huorodhesha majina yaliyomo. Herufi `U` kando ya jina ina maana kwamba faili linalihitaji. `T`, kwamba funksheni hiyo imo humo. Ukiona `t` ndogo, funksheni imo lakini imefungiwa ndani, kwa kawaida kwa sababu iliandikwa `static`, na mafaili mengine hayawezi kuifikia. Herufi hiyo ndogo hupita machoni pa mtu mara tatu kabla hajaiona.

Usipopata `T` popote, huenda umeongeza faili jipya ukasahau kulitaja kwenye Makefile, faili la maagizo ya kujenga programu. Ni kosa la kizembe, na ndilo la kuanza nalo.

Ikiwa jina limo ndani ya maktaba (mkusanyiko wa funksheni zilizokwisha kukompailiwa) na bado linakataliwa, tazama mpangilio wa amri. Linka ya GNU (`ld`, inayoitwa na kompaila ya GCC) husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na kutoka kwenye maktaba ya `.a` huchukua vipande vilivyokwisha kuombwa tu. Maktaba ikitangulia, hakuna kilichoombwa bado, kwa hiyo inapitwa hivihivi. Andika `gcc kuu.o -lhesabu`, si `gcc -lhesabu kuu.o`; `-lhesabu` ni maktaba iitwayo hesabu. Maktaba mbili zikitegemeana, moja hulazimika kutajwa tena baada ya nyingine.

Kuchanganya C na C++ kuna mtego wake. C++ huruhusu funksheni kadhaa kushiriki jina, kwa hiyo kompaila hubandika aina za vigezo kwenye jina lenyewe: kwa GCC, `kokotoa` inayopokea `int` mbili huwa `_Z7kokotoaii`. Faili la C linayo `kokotoa` tupu. Kwa linka hayo ni majina mawili tofauti kabisa. Dalili ipo kwenye ujumbe wenyewe: ukisomeka `kokotoa(int, int)`, na mabano yake, linalotafutwa ni jina la C++. Tangazo likiwekwa chini ya `extern "C"`, upande wa C++ nao utatafuta jina tupu.

Upande wa pili ni `multiple definition`. Mara nyingi chanzo ni kigeu kilichoandikwa `int hesabu;` ndani ya faili la `.h`, lile la matangazo linaloingizwa kwenye mafaili mengine. Kila faili la `.c` linaloliingiza hupata kigeu chake, chenye jina lilelile. Kwenye C, GCC za zamani ziliviunganisha kimyakimya viwe kimoja. Tangu toleo la 10, la mwaka 2020, haziviunganishi tena zisipoagizwa, na miradi mikongwe iliyokuwa ikijengeka vizuri ikaanza kugoma. Weka `extern int hesabu;` kwenye `.h`, kisha `int hesabu;` kwenye faili moja tu la `.c`.