Hesabu ya mbao haitoshi

Chukua mbao nne, ziunge kwa msumari mmoja kila pembe, upate mraba. Usukume kwa mkono: unalala ubavu. Ongeza mbao ya tano mshazari, kutoka pembe hadi pembe, na hausogei tena. Mafundi wa kenchi wanalijua hili vizuri, ndiyo maana mapaa yetu yamejaa pembetatu.

Mimi ni mhandisi wa miundo, na kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ile aliyoiandika mwanafizikia James Clerk Maxwell mwaka 1864. Kwa fremu bapa, zidisha idadi ya viungo, yaani mahali mbao zinapounganishwa, kwa 2, kisha toa 3. Hizo ndizo mbao chache kabisa zinazohitajika ili isilegee. Mraba una viungo 4, kwa hiyo mbao 5.

Sasa chora miraba miwili iliyoshikana, ikitumia ubavu mmoja kwa pamoja. Viungo ni 6, mbao 7. Kanuni inadai 9. Zile mbili zilizopungua zipeleke zote kwenye mraba mmoja, zikatizane kama X. Hesabu imetimia, na mraba wa pili bado unalala! Huku kuna ziada, kule kuna pengo, na jumla inaficha yote mawili.

Mwanahisabati Hilda Pollaczek-Geiringer alilifumbua fumbo hilo mwaka 1927: usiishie kwenye fremu nzima, hesabu na kila kundi la viungo lililomo ndani yake. Kundi lisizidi mbao zake stahiki, maana ikizidi huku, kwingine imepungua. Kazi yake ilisahaulika. Mholanzi Gerard Laman aliithibitisha upya mwaka 1970, na kwa miaka mingi kanuni ikabeba jina lake peke yake. Jambo hilo linaniuma.

Mimi nauona mraba ule hata kwenye sanduku la kikoba. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina sanduku lenye kufuli tatu. Funguo wanazo wanachama watatu, na sanduku lenyewe analitunza wa nne asiye na ufunguo. Ni muundo mzuri mno: hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Lakini wape funguo hizo mume, mke na shemeji wanaolala nyumba moja. Katiba imefuatwa, kufuli ni tatu zilezile, ila ulinzi wote umerundikana chini ya paa moja. Ndiyo maana nikipewa katiba ya kikundi niisome, idadi ya viongozi hainishughulishi sana. Nachora kwanza nani anamkagua nani, na nani ana undugu na nani.

Kuna mahali mambo haya mawili yanaachana. Kwenye kenchi, mbao ya ziada iliyokaa mahali pake ni akiba: moja ikioza, mzigo unapitia nyingine. Kufuli ya nne haileti akiba ya namna hiyo. Mwenye ufunguo mmoja akisafiri, sanduku halifunguki, na mwanachama mwenye mgonjwa hospitali anaambiwa asubiri mkopo wake hadi wiki ijayo.