Pelmeti haili mwanga, pazia ndilo linalokula

"Dada, pelmeti sitaki, itanikulia mwanga." Yaani lile boksi la ubao lililovikwa kitambaa, linalofungwa juu ya dirisha kuficha bomba la pazia. Kauli hiyo nimeisikia Uyole, nimeisikia Iyunga, nimeisikia Tukuyu ambako mawingu yanakaa wiki nzima na mtu ana haki ya kuulinda mwanga wake. Juzi nimeisikia tena kwa mama mmoja tuliyekuwa naye sebuleni kwake saa nane mchana, taa imewashwa, mapazia mazito yamerundikana juu ya kioo kushoto na kulia. Pelmeti hana. Giza analo.

Basi leo tupige hesabu.

Dirisha la nyumba nyingi tunazojenga huku Mbeya ni futi tano kwa nne, yaani sentimita 150 kwa 120. Chini linaanzia kama sentimita 90 kutoka sakafuni, juu linaishia kwenye lenta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, sentimita 210. Fundi wa pazia anakuja, anapima dirisha, anakata bomba la sentimita 160, anafunga vishikizo pembeni kabisa mwa fremu, anaondoka. Sasa fungua hilo pazia. Kitambaa ni mara mbili ya upana wa bomba, lazima kijikusanye mahali. Kila upande kinachukua sentimita 20 hivi, na kikiwa kizito chenye bitana kinafika 25 au zaidi. Kwenye bomba fupi namna hiyo hakina pa kwenda isipokuwa juu ya kioo. Sentimita 40 kati ya 150 zimekwenda: zaidi ya robo ya dirisha ulilolipia, asubuhi hadi jioni, pazia likiwa "wazi".

Pelmeti iliyofungwa vizuri inashuka sentimita tano tu chini ya ukingo wa juu wa dirisha, kiasi cha kuficha fremu. Tano kati ya 120. Tena kwenye dirisha la aluminiamu hizo tano nyingi ni fremu yenyewe, si kioo. Ndiyo maana nachoka mtu anapoiogopa pelmeti na hapo hapo ananiagiza bomba fupi.

Nakubali kwamba wapo waliokwisha kuona pelmeti inayotia giza, na hawasemi uongo. Waliiona imefungwa usawa wa lenta, uso wake wa sentimita 40 umening'inia mbele ya kioo. Hiyo imekula theluthi ya dirisha, na theluthi iliyo bora kuliko zote, kwa sababu mwanga unaoingia kwa juu ndio unaofika mbali ndani ya chumba. Ule wa chini unaishia karibu na dirisha. Kosa hapo ni mahali ilipofungwa. Angalia ukuta wako: dirisha linaishia 210, dari liko 270, wengine 300. Kuna sentimita 60 au zaidi za ukuta mtupu ambazo hazina kazi. Pelmeti inakaa huko, juu ya dirisha, ikigusa kioo kidogo tu. Na ikipanda hivyo, jicho linadhani dirisha linaanzia inapoanzia pelmeti, kwa hiyo chumba kinaonekana kirefu zaidi. Yule mwingine anayesema "inafupisha chumba" jibu lake ni hilo hilo.

Kwa hiyo ukitaka kujitengenezea nyumbani, usianze na upana wa dirisha. Anza na swali moja: pazia likifunguliwa lote litakaa wapi? Kwa dirisha la 150, ongeza 20 kila upande ili pazia likae ukutani, unapata bomba la 190. Pelmeti inazidi bomba kwa sentimita tano kila upande ili mikono ya pembeni isikwaruze kitambaa. Jumla 200. Kina, yaani umbali kutoka ukutani hadi kwenye uso, ni sentimita 14 au 15 kama pazia ni moja. Kama una shia, yaani pazia jepesi linalopitisha mwanga, ndani na zito nje, usishuke chini ya 18. Pima kishikizo chako chenye bomba kabla ya kukata chochote. Pazia linalosuguana na uso wa pelmeti halitafunguka kwa raha hata siku moja, na watoto watalivuta mpaka ling'oke.

Kimo cha uso ndipo ninaposita. Mafunzo yanasema moja ya tano au moja ya sita ya urefu wote kutoka juu ya pelmeti hadi sakafuni. Chukua pelmeti ambayo juu yake ni sentimita 245: moja ya sita ni kama 40, na chini inaishia 205, inakaa sawa. Moja ya tano ni 49, na hapo tayari unaingia kwenye kioo. Nadhani kanuni hiyo ilitokana na madirisha marefu yanayokaribia sakafu. Dirisha letu ni fupi na lina ukuta mtupu chini yake, na sina hakika kama kanuni inalihusu. Kwenye vyumba vidogo mimi hushuka hadi moja ya saba, sentimita 35, na bado mara nyingine nakata uso wa boksi la karatasi, naubandika ukutani, narudi nyuma hadi mlangoni kuangalia. Fanya hivyo. Boksi la karatasi halina gharama.

Kutengeneza ni kazi nyepesi. Ubao wa juu ni paina, inchi moja kwa sita kwa pazia moja, moja kwa nane kwa mawili. Paina ya Mafinga ni nzuri kwa kazi hii, ni nyepesi na inashika skrubu, ila nunua iliyokauka. Ile inayotoka kwenye msumeno masika bado ina maji; ukiifunga hivyo inajipinda, na pelmeti ya mita mbili ikijipinda mtu anaiona akiwa mlangoni. Uso ni plaiwudi ya milimita sita. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, inanyooka vizuri lakini ikipata unyevu inavimba, na kwenye kuta zetu za masika unyevu hautafutwi. Vipande vinne tu: juu, uso, mikono miwili ya pembeni. Gundi na skrubu. Sponji nyembamba juu ya uso, kisha kitambaa, na mashine ya pini wanayotumia mafundi wa makochi. Anza kubana katikati, nenda nje kidogo kidogo, juu na chini kwa zamu. Ukianzia pembeni kitambaa kinakimbia na mistari inalala.

Kitambaa kinataka subira zaidi. Wengi wanapenda kitenge, nami nakipenda. Upana wake ni kama sentimita 115 na pelmeti yako ni 200, tena na mikono miwili ya kuzungushia, kwa hiyo kuna njia mbili. Unaweza kukilaza, urefu wa kitenge uende na urefu wa pelmeti, usiwe na mshono hata mmoja. Hii inafaa kwa maua ya mviringo na michoro isiyo na juu wala chini. Kama kitenge kina ndege au vyungu, ukikilaza ndege wote watalala ubavu, na mgeni ataona hilo kabla hajakaa. Hapo unaunga. Ukiunga, mshono usiwe katikati kamwe: weka upana mzima katikati na nusu nusu pembeni, michoro ikikutana kwenye mshono. Ua kubwa liwe katikati kabisa ya uso. Nimeona kazi safi, iliyonyooka, iliyoharibiwa na ua lililokaa sentimita nne kushoto.

Kufunga. Tafadhali, msumari wa zege hapana. Unapita kwenye plasta, unaipasua, na mara nyingi kinachoushika ni hiyo plasta tu yenye unene wa sentimita moja na nusu au mbili. Toboa kwa drili, weka plagi ya plastiki ya milimita nane iingie sentimita tano au sita, vyuma vya kona kila baada ya sentimita 60. Usawa wa lenta ni zege, utahitaji drili inayogonga. Juu ya lenta kwenye tofali la kuchoma zima kugonga, tumia mzunguko tu, maana tofali nyingi za huku ni laini na tundu linatanuka. Nyumba ya tofali mbichi ni jambo jingine: plagi hazikai. Hapo funga kwanza ubao mrefu ukutani kwa skrubu ndefu nyingi zilizotawanywa, kisha pelmeti ishikwe na ubao huo.

Na pima maji? Kwenye nyumba nyingi dari limelala upande mmoja. Ukifuata pima maji, pelmeti iko sawa lakini nafasi kati yake na dari inakuwa kubwa huku na ndogo kule. Ikiwa mbali na dari nafuata fremu ya dirisha, ikiwa karibu nafuata dari. Sina kanuni inayonitosheleza, na mafundi ninaowaheshimu wanafanya kinyume changu.

Kuhusu baridi, kwa sababu Juni ikifika hapa Mbeya, na zaidi Njombe na Makete kwenye sakitu, ndilo swali la kwanza. Hewa inayogusa kioo usiku inapoa, inakuwa nzito, inashuka nyuma ya pazia na kutokea chini, na hewa ya joto ya chumba inavutwa kwa juu kuchukua nafasi yake. Ubao wa juu wa pelmeti uliobana ukutani unaziba mlango huo wa juu. Marinda yanayoning'inia kwenye bomba la pili hayazibi kitu, ni pambo. Lakini kama dirisha lako la kusukuma linapitisha upepo kwenye maungio, ziba hapo kwanza; na sijaweza kutenganisha ni joto kiasi gani linatokana na pelmeti na kiasi gani na bitana ya pazia. Tena, kuziba baridi kusikufanye uingize jiko la mkaa ndani na kufunga kila kitu. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini. Na jikoni, juu ya moto, usiweke pelmeti ya kitambaa.

Kuna dirisha moja ambalo siliwekei pelmeti: lile linalofika karibu na dari, ukuta wa juu umebaki sentimita kumi. Hapo uso wowote mrefu utakaa juu ya kioo. Nafunga ubao mwembamba wa sentimita 10 au 12, umepakwa rangi ya ukuta, unaficha bomba basi. Zile 20 za kila upande zinabaki pale pale.