Je, saa janja inajuaje kwamba umelala?

Mwezi wa saba pale Uyole, Mbeya, baridi haina adabu. Saa mbili na nusu usiku dada yangu ameshajikunyata chini ya mablanketi mawili, macho makavu, anawaza ada za watoto. Hajigeuzi, maana upande wa pili wa shuka ni barafu tupu. Asubuhi saa yake janja ikampongeza: umelala masaa 9. "Labda imelala yenyewe," akasema.

Saa ilisoma utulivu wa mkono wake. Ndani mna kipima mwendo, kidude kisichozidi punje ya mchele wa Kyela, kinachohisi mkono ukitikisika juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Programu huhesabu mitikisiko hiyo dakika kwa dakika. Mkono ukitulia kitambo, inaandika usingizi. Ukifurukuta, inaandika umeamka. Saa nyingi zina pia taa ya kijani kwa chini. Damu hufyonza mwanga wa kijani, hivyo kila moyo unapopiga, mwanga unaorudi hubadilika, na mapigo huhesabiwa. Hiyo nayo inasaidia kukisia tu. Usingizi wenyewe husomwa maabara, kwa nyaya zinazobandikwa kichwani kufuatilia mawimbi ya ubongo.

Lakini nani atalala na nyaya kichwani wiki nzima? Ndiyo maana watafiti hawakiachi kifaa cha mkononi. Utafiti uliotoka mwaka 2015 uliwavalisha kifaa hicho watu wa jamii tatu zinazoishi bila umeme: Wahadzabe wa hapa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Hawakuwa wakilala jua likizama, kama wengi tunavyodhani. Kwa wastani walikaa macho masaa 3 na zaidi baada ya jua kuzama, kisha wakalala kwa wastani wa masaa 5.7 hadi 7.1. Usingizi wao ulifuata ubaridi wa usiku: hewa ikizidi kupoa wamelala, ikifikia baridi yake ya mwisho wanaanza kuamka.

Mchana nako, kipima mwendo kikihesabu hatua, kuna vituko. Mchuma chai wa Mufindi anaweza kuandikiwa hatua ambazo miguu yake haikupiga, kwa jinsi mikono inavyochacharika. Mama aliyepanda mlima na ndoo kichwani, mkono wenye saa umeishika ndoo, anapunjwa.

Kwa hiyo watafiti humpa mvaaji na daftari ajiandikie alivyolala. Dada naye sasa anaandika kwenye kalenda ya ukutani. Jumanne: saa masaa 9, kalenda masaa 6.