Mpangaji wa muziki si mtunzi, wala si prodyuza

Mpangaji wa muziki ni mtu anayeuchukua wimbo uliokwisha kutungwa na kuamua utapigwaje: ufunguo gani, mwendo gani, nani aanze, nani aitikie, nani anyamaze. Maana yenyewe ni hiyo tu. Shida ni kwamba cheo hicho hapa Mwanza hakitajwi kabisa, na kikitajwa kinatajwa vibaya. Akifariki mpuliza saksafoni wa bendi ya zamani, redio itamwita "mtunzi mahiri" hata kama hakutunga ubeti mmoja. Akiwa hai ataitwa prodyuza. Na majuzi nimemsikia mtangazaji akiwaeleza wasikilizaji, kwa kujiamini kabisa, kwamba mpangaji ndiye anayeandaa orodha ya nyimbo za kupigwa ukumbini usiku huo.

Prodyuza tummalize haraka. Yeye ni mtu wa rekodi: nani aingie studio, sauti ipi ibaki, ipi irudiwe, na hela itoke wapi. Kijana wa Buzuruga mwenye kompyuta yake leo anatunga biti, anaipanga, anairekodi na kuichanganya peke yake, ndiyo maana majina yamevurugika. Lakini kazi kadhaa kufanywa na mtu mmoja hakuzigeuzi kuwa kazi moja.

Penye utata hasa ni kati ya mtunzi na mpangaji, na anayeijua tofauti hiyo bila kufundishwa ni mwanakwaya. Pita jioni kwenye mazoezi ya kwaya, Nyegezi au Kirumba. Mtu amekuja na maneno na sauti ya kwanza, kaimba mwenyewe mbele ya wenzake. Mwalimu anakaa kwenye kinanda, anaandika sauti ya pili, tenor na besi kwa nota za d, r, m (do, re, mi). Tenor wakianza kupiga kelele badala ya kuimba, anashusha ufunguo. Penye kiitikio anaamua besi waingie peke yao, wengine wasubiri. Wimbo unabaki wa aliyeuleta. Zile sauti tatu nyingine ni za mwalimu. Hakuna anayegombana.

Kwenye bendi za dansi mambo yalikuwa hayohayo, ila majina hayakutajwa. Mtunzi mara nyingi alikuwa mwimbaji. Alikuja na maneno na njia ya kuyaimba, magitaa yakatafuta pa kupita: solo, ridhimu, besi. Kisha zikabaki tarumbeta na saksafoni, na hapo ubabaishaji hauna nafasi. Bendi ikipiga kwenye ufunguo wa C, mwenye tarumbeta ya kawaida lazima aandikiwe D, na mwenye saksafoni ya alto aandikiwe A, kwa kuwa vyombo hivyo hutoa sauti tofauti na nota iliyoandikwa; ndipo wote watoe sauti moja. Anayepanga lazima awe na hesabu hizo kichwani, ajue pumzi ya mpulizaji inaishia wapi, ajue pia mwimbaji amalize mstari kwanza ndipo vyombo vya kupuliza vijibu. Wimbo ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, yeye ndiye aliyeamua utafikaje.

Bendi ya dansi ya Mlimani Park, maarufu kama Sikinde, ilipoanzishwa mwaka 1978, kiongozi wake alikuwa Michael Enoch, mtu wa vyombo vingi aliyetokea Dar es Salaam Jazz. Mwimbaji na mtunzi Muhidin Maalim Gurumo aliingia humo akitokea bendi ya Msondo. Sauti yake ilikuwa ileile, na tungo zilikuwa za mtu yuleyule, lakini Sikinde haikusikika kama Msondo hata siku moja. Wazee wetu wa dansi watakutajia bendi kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Wanachokitambua hapo ni mpangilio, ingawa ukiwauliza watasema ni "mtindo".

Kama unataka kuona kazi hizi mbili ndani ya maisha ya mtu mmoja, mtazame Henry Mancini wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1924, na mwaka 1946 akaingia kwenye bendi ya Glenn Miller, iliyokuwa ikiongozwa na Tex Beneke baada ya Miller mwenyewe kupotea na ndege mwaka 1944. Aliajiriwa kama mpiga piano na mpangaji. Bendi ile ilijulikana dunia nzima kwa ujanja mmoja: klarineti ikibeba wimbo juu ya saksafoni. Huo ni uamuzi wa mpangaji. Hauna maneno wala ubeti, na bado ndio uliowafanya watu waseme "huyo Miller" wakisikia redio ya jirani.

Mwaka 1952 studio ya filamu ya Universal ikamchukua Mancini kwa kazi ya wiki 2 kwenye filamu ya kuchekesha. Alikaa kama miaka 6. Studio zilikuwa zikiwachota wapangaji wa dansi kwa sababu inayoeleweka: muziki wa filamu hupimwa kwa sekunde, na mtu aliyezoea kuandikia bendi nzima usiku mmoja haogopi sekunde.

Kisha ikaja Hatari!, filamu iliyopigwa hapa kwetu Tanganyika ikatoka mwaka 1962. Kuna kipande ambacho tembo wadogo wanatembea kwenda majini, na Mancini akakitungia wimbo. Chini yake aliweka mwendo wa bugi-wugi, piano ya dansi kabisa. Juu akaweka klarineti ndogo na kaliope, kile kinanda cha filimbi cha sarakasi. Sasa angalia: wimbo ni wake, lakini tuzo ya Grammy aliyoipata kwa wimbo huo mwaka 1963 ilikuwa ya mpangilio bora wa ala. Majaji walizitenganisha kazi mbili za mtu mmoja katika wimbo mmoja. Sisi tunashindwa kuzitenganisha hata zikiwa za watu wawili.

Mwaka 1969 akafanya kinyume chake. Wimbo wa mapenzi wa filamu ya Romeo and Juliet ulitungwa na Mwitaliano Nino Rota. Mancini aliupanga upya, piano yake mbele, na ukashika namba 1 Marekani. Watu wengi mpaka leo wanauita wimbo wa Mancini. Hakutunga hata nota moja ya sauti ile. Na aliyesema "basi alikopi tu" naye amekosea, kwa sababu piano ile, ukimya ule kabla ya vyombo vingine kuingia, vyote vimetoka kichwani mwake.

Kwa hiyo wanaotangaza wasiache kumtaja mtunzi, waongeze tu nusu sentensi: "mpangilio wa fulani". Kuandaa orodha ya nyimbo za ukumbini ni kazi ya kiongozi wa bendi usiku huo, naye anastahili jina lake. Na kwenye zile nyimbo za zamani ambazo mwimbaji alikuja na maneno na kila mpigaji akatafuta njia yake mazoezini, mpaka zikakaa sawa, ni halali kabisa kusema "imepangwa na bendi".